Saini ya Bisibisi

Maswali kumi na sita ya kwanza ya fomu mfamasia aliyajaza bila taabu. La kumi na saba ndilo lililomtoa roho.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye stoo ya zahanati. Alikuwa amekaa juu ya katoni ya maji ya dripu, laptopu magotini. Mama yake, aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya presha akanogewa na kukaa, alikuwa kwenye kiti pekee. Swali lenyewe: kila aliyechangia kuandika programu hii asaini kukubali ikabidhiwe walezi wapya, na saini itoke kwenye barua pepe yake mwenyewe. Asiyejibu, kazi yake itafutwa.

Programu iliitwa Kabati. Inakwambia dawa gani zimebaki na zipi zinakaribia kuisha muda, na zahanati sitini na nne zinaitumia bure. Mfamasia aliitengeneza na kaka yake, fundi redio ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Walikuwa na laptopu moja, ya Bisibisi, na akaunti moja, ya Bisibisi. Mwenye nafasi ndiye aliyekaa akachapa. Nani anajitambulisha kwa mashine ya nyumbani kwao? Kwa hiyo kila badiliko, la kaka au la dada, liliingia kwa jina la kaka.

Halafu Bisibisi akafariki, miaka miwili sasa, na dada akaendelea na jina lilelile. Ukimuuliza kwa nini hakulibadilisha, atakujibu alisahau. Mwongo. Hakutaka.

Sasa mzigo umemwelemea. Akiumwa yeye, zahanati zote sitini na nne zitakwama. Ndiyo maana aliomba wakfu wa programu huria, shirika linalotunza programu za bure, uuchukue mradi, uwe na watu wengi wa kuulea. Wakfu ukakubali. Kwenye orodha yao ya waandishi wa Kabati kulikuwa na jina moja tu, na halikuwa lake.

Akampigia mratibu wa wakfu kwa video, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Amefariki? Pole sana, dada. Ila naona juzi amerekebisha hitilafu mbili."

"Nimerekebisha mimi."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Mratibu akakuna kidevu. "Basi mbona rahisi! Neno lake la siri unalo. Ingia, bonyeza 'Nakubali', tumemaliza. Wengi wanafanya hivyo."

Lahaula! Damu ikamchemka. Watu wana wanasheria wa kuajiriwa, wana kurasa arobaini za maadili, halafu wanamwambia mtu amsainie marehemu kimyakimya! Kuchapa kwa jina la kaka ilikuwa kazi yao ya nyumbani. Kumfanya akubali kitu ambacho hakuwahi kukisikia ni jambo jingine kabisa.

"Sibonyezi," akasema.

"Au tubadilishe kila jina liwe lako. Ni amri moja tu, dakika tano."

"Dakika tano? Hesabu ya tarehe peke yake ilimla miezi minne! Alikuwa anakula kwa mkono mmoja, mwingine unachapa, na wewe unataka kumfuta kwa dakika tano?"

"Dada, mfumo hautambui msiba. Unatambua aliyejibu na asiyejibu."

Mama akainuka, akaigeuza laptopu imwelekee yeye.

"Baba, unamwona nani hapa? Mimi ndiye mama yake. Nilimzaa mimi, nikamzika mimi. Saini mnayoitaka nitaweka mimi." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. "Cheti cha kifo hiki hapa. Natembea nacho, maana kila ofisi inanidai ushahidi kwamba nimefiwa."

"Mama, fomu haina sehemu ya mrithi."

"Kwani fomu iliteremshwa kutoka mbinguni? Si mliandika nyinyi? Ongezeni!"

Mratibu akaomba wamsubiri. Nusu saa baadaye ukaja ukurasa mpya, umeandikwa harakaharaka, una mstari wa mrithi. Mama akasaini polepole, herufi moja moja, ameuma ulimi pembeni. Mfamasia naye akasaini kwamba kazi waliifanya wote wawili.

"Basi niambie mabadiliko yako ni yapi, tuyatenganishe," mratibu akasema, safari hii kwa adabu.

Mabadiliko elfu tatu. Mengine hata yeye hakukumbuka nani aliyachapa. "Yaacheni yalivyo."

"Utaonekana hujawahi kufanya kitu."

"Acha nionekane. Yeye hana pengine pa kuonekana."

Lakini kuanzia siku hiyo kila mtu alitakiwa kutumia jina lake. Akaiondoa akaunti ya kaka kwenye mashine, akaingiza yake. Akaandika mstari mmoja kwenye faili ya waanzilishi: jina la Bisibisi, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki. Akautuma.

Jibu la mfumo likaja papo hapo, lenye maua na makofi: "Karibu, mgeni! Asante kwa mchango wako wa kwanza kabisa kwenye Kabati. Usiogope kuuliza, sote tulianza hivyo."

Miaka tisa ya kuiandika Kabati! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi tu.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wananikaribisha."

"Wapi?"

"Kwetu."

Mama akasonya, sonyo refu la kujaza stoo nzima.