Ngazi Zimefungwa kwa Mazoezi

Tangazo lilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, na gundi ilikuwa bado mbichi nilipolisoma nikiwa na furushi la mashuka kichwani. Lilisema ngazi kuu za hospitali zitafungwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi alasiri, kwa mazoezi ya matembezi ya hisani ya kupanda mlima. Wahudumu watumie ngazi za nyuma. Chini kabisa waliandika: "Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kujitolea."

Nikamwita Winchi aje asome na yeye.

Winchi ni mpagazi wetu. Jina hilo alilipata lifti ilipokufa, maana tangu siku ile kila mgonjwa wa kupanda na wa kushuka alipita mikononi mwake. Hospitali yetu ina ghorofa nne. Chumba cha kufulia, ninakofanya kazi mimi, kiko chini nyuma ya jiko, na wodi ya wanawake iko juu kabisa. Miezi minane tulikuwa tunapanda na kushuka kama siafu.

Winchi alisoma akisogeza midomo, kisha akanigeukia.

"Ngoja nielewe, Mama Dobi. Wanafunga ngazi ili wafanye mazoezi ya mlima. Mlima wanapanda ili wachangishe hela za lifti. Na lifti inatakiwa ili sisi tusipande ngazi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi nimesoma sawasawa," akasema, akaondoka zake na magongo ya mgonjwa mkononi.

Aliyelitia sahihi tangazo lile alikuwa afisa utawala, ambaye sisi tulimwita Kamanda. Jeshini hakuwahi kukanyaga. Tulimpa jina hilo kwa vile alivyotembea mikono nyuma, kifua mbele, akikagua wanaofanya kazi. Ofisi yake ilikuwa chini, karibu na mapokezi, na lifti ilipokufa sikumwona tena akivuka ghorofa ya kwanza. Akimtaka mtu wa juu, alimpigia simu ateremke. Mtu huyo ndiye aliyegundua kwamba anapenda milima.

Walijiandikisha kumi na wawili: Kamanda mwenyewe, daktari kijana wa wodi ya wanaume, mfamasia, katibu muhtasi, na wengine wa ofisi za chini. Na wifi yangu.

Wifi ni mdogo wake mume wangu, karani wa mapokezi, na anaishi nasi chumba cha uani. Sina ugomvi naye mkubwa. Ni ule ugomvi wa kawaida, wa nani kaacha sufuria bila kuosha. Lakini wiki ile alinimaliza. Alinunua buti zenye soli nene kama matofali, akawa anazivaa nyumbani ili zilainike, kutwa anatutwanga vichwani: du, du, du, kutoka chumbani hadi jikoni. Akanunua fimbo mbili za kupandia mlima. Akanunua kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Jumapili moja nilimkuta amesimama mbele ya kioo amevaa vyote, fimbo mkononi, anajigeuzageuza.

"Wifi, unakwenda mlimani au unaolewa na mlima?" nikamuuliza.

Mume wangu akaangua kicheko, kisha akajirudi. "Mwache dada yangu bwana. Angalau anajitolea."

"Mimi nikipanda mara kumi na mbili kwa siku na mashuka ya watu kichwani, hiyo inaitwaje?"

"Hiyo inaitwa kazi," akasema.

Nikarudi jikoni, maana ningejibu tungelala na njaa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kichekesho. Saa tisa ikifika, walijipanga chini ya ngazi na fulana mpya za rangi ya machungwa, mabegi mgongoni. Kamanda alikuwa amewaagiza kila mmoja aweke chupa kumi za maji begini ili azoee uzito. Walipanda hadi ghorofa ya pili, wakapumzika, wakapigana picha, wakashuka. Sisi wakati huo tulikuwa ngazi za nyuma, zile za chuma za dharura, zilizo nje na zilizopata kutu, tunapanda na sinia za uji na mafurushi huku upepo unatupeperusha sketi.

Katikati ya wiki ya pili, asubuhi na mapema kabla ya zamu, wifi alinijia chumba cha kufulia.

"Wifi, nipe furushi nipande nalo."

"La nini?"

"Nataka kujizoeza. Yale ya alasiri ni mchezo tu. Nikienda vile nitaaibika."

Sasa hapa nitasema ukweli ingawa haunipambi. Palikuwa na mashuka makavu yaliyokunjwa, na palikuwa na mengine yaliyotoka mashineni, hayajakamuliwa vizuri, ya kwenda kuanikwa kwenye paa juu ya ghorofa ya nne. Nikamfungia hayo ya maji. Furushi kama lile hata mimi huligawa mara mbili. Nikamtwika, nikamwambia, "Haya, mlima huo," nikamfuata nyuma na furushi langu dogo nipate kuona.

Ghorofa ya kwanza alipita vizuri. Ya pili maji yakawa yanamchuruzika shingoni. Ya tatu akakaa kwenye ngazi, akalitua furushi mapajani, akatapika chai yote ya asubuhi kwenye ndoo ya mfagiaji. Nilisimama pale nikisubiri aseme basi. Hakusema. Alijifuta mdomo, akajitwisha, akafika paani, akaanika shuka moja moja.

Kesho yake alikuja tena. Nikamfungia makavu.

Akalipima kwa mkono, akanitazama. "Leo umenihurumia?"

"Jana nilikosea furushi," nikasema.

"Hukukosea, wifi. Nilijua yamelowa. Mimi nina mikono." Akatabasamu, akapanda. Nikabaki chini naona aibu hadi masikioni. Kuanzia hapo yeye nikamtoa kwenye hesabu ya dharau zangu. Wale kumi na mmoja wengine niliwaacha palepale.

Wiki mbili kabla ya safari, siku ya Jumatano, akaja muongozaji wa mlima kuwakagua. Nilitegemea mtu wa miraba minne. Kumbe ni kibwana kifupi, koti limepauka, njiti ya kiberiti mdomoni, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na mimi na Winchi tulikuwa juu tunamshusha mgonjwa kwa machela. Mpagazi wa pili alikuwa likizo, kwa hiyo miguuni nilishika mimi. Mgonjwa mwenyewe ni mama mtu mzima, fundi cherehani mstaafu, nyonga imevunjika, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinamsubiri. Ngazi za chuma zilikuwa zinateleza kama zimepakwa sabuni. Tukaamua kupita ngazi kuu, tangazo au si tangazo.

Tulipofika kona ya ghorofa ya pili tukawakuta wamejipanga mstari mzima, fulana za machungwa, na muongozaji anapita begi kwa begi.

"Mama Dobi!" Kamanda akadakia. "Tangazo hamkuliona?"

"Tumeliona, bosi. Mgonjwa huyu anakwenda kupasuliwa."

"Dakika ishirini tu, jamani. Tuna mgeni hapa. Mrudisheni kidogo juu, tumalize."

"Nirudishwe juu?" mgonjwa akainua kichwa. "Kwani mimi ni kikapu cha nguo?"

Niliona mshipa wa shingo umemsimama Winchi. Mikono yangu ilikuwa inaanza kufa ganzi. Muongozaji akatutazama, akaitazama machela, kisha akanyoosha mkono akaliinua begi la Kamanda pale mgongoni kwa kidole kimoja.

"Chupa kumi, eh?"

"Ndiyo, ndiyo," Kamanda akasema.

Muongozaji akafungua zipu. Akatoa mto. Mto wa kochi la ofisini kwake, wa kijani, wenye pindo za dhahabu. Naujua mto ule, naufua mimi kila mwezi.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Katibu muhtasi aliangalia ukutani kwa bidii sana, na mfamasia akapatwa na kikohozi.

"Nisikilizeni," muongozaji akasema, wala hakupaza sauti. "Mwaka jana nilileta kundi kama hili. Mkurugenzi wao akavunjika kifundo cha mguu. Wenzake wanane, wote na fulana mpya, hakuna aliyeweza kushika machela hatua mia. Nilimshusha mgongoni peke yangu, kwa muda wa saa tano, na yeye ananilalamikia kwamba nanuka jasho. Sirudii tena. Asiyeweza kumbeba mtu, simpandishi. Pokeeni hiyo machela."

"Lakini sisi si wapagazi," Kamanda akasema.

"Ndiyo maana nawaambia mjifunze."

Wakaja sita. Winchi akawaonyesha pa kushika na namna ya kupiga kona, mbele juu, nyuma chini, ili mgonjwa asiteleze. Kamanda alishika mbele kushoto, nadhani kwa sababu alikuwa karibu na hakupata pa kujificha.

"Kama mtaniangusha," mgonjwa akasema, "niangusheni kushoto. Kulia ndiko kunakouma."

Wakateremka. Hatua kumi za kwanza walikwenda kama bendi. Baada ya hapo magoti ya Kamanda yakaanza kucheza ndani ya suruali, jasho likamtiririka hadi kwenye kidevu, akawa anahema kama mashine yangu ya kukamulia. Mgonjwa akawa anampa maelekezo: inua, usitikise, tazama mbele, wewe baba unatazama nini? Nilitembea pembeni nikingoja aachie, na sitaficha kwamba nilikuwa naomba aachie, ilimradi mgonjwa asiumie. Hakuachia. Alifika chini uso umekuwa wa majivu, vidole vimekakamaa hata ilibidi Winchi amfungue kimoja kimoja. Hilo nampa. Ni dogo, lakini ni lake.

Muongozaji akang'oa tangazo ukutani, akalikunja, akalitia mfukoni. "Mazoezi yenu ni haya mpaka siku ya safari. Mnabeba vya hawa. Kila siku. Huyu mama ataniambia nani hakuja." Akaninyooshea kidole.

Jamani, wiki mbili zile! Sijawahi kuwa na wiki kama zile tangu niajiriwe. Daktari kijana alikuja saa tisa kamili, nikamtwika mashuka ya wodi nzima. Mfamasia alibeba ndoo ya uji, akaumwaga nusu kwenye viatu vyake, akaambiwa na wapishi arudie. Katibu muhtasi alitia sufi chini ya furushi ili nywele zisiharibike. Nilisimama chini ya ngazi, mikono nyuma, kifua mbele, nakagua.

"Haraka, bosi," nilimwambia Kamanda. "Wagonjwa wanalalia magodoro matupu."

Aliumia, lakini alipanda. Siku ya tatu alijikwaa kwenye ngazi moja ya ghorofa ya tatu iliyomeguka pembeni, akachubuka ugoko. Kuhusu ngazi ile metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa amemwandikia barua nne. Kesho yake saa mbili fundi alikuwa pale na saruji. Kumbe saruji ilikuwepo. Kilichokosekana ni ugoko wa mkubwa.

Siku ya safari waliondoka alfajiri kwa basi la hospitali. Wifi alinigongea dirisha kuaga. Zile fimbo aliziacha nyumbani, alisema zinamshughulisha mikono. Usiku alirudi anachechemea, vidole vya miguu vina malengelenge, akala chakula cha watu watatu, akalala na nguo.

Jumatatu tulikusanywa uwanjani kusikiliza hotuba. Kamanda alisimama kwenye kiti. "Ndugu zangu, haikuwa rahisi. Baridi ilikuwa kali. Lakini tulifika kileleni!" Watu wakapiga makofi.

Nikamnong'oneza wifi. "Yeye alifika wapi?"

"Kibanda cha kwanza. Muongozaji alimwambia abaki alinde mabegi. Tulipita asubuhi tukamwacha hapo, tukamkuta hapohapo jioni, ameshazoeana na mbwa wa mlinzi."

"Na wewe?"

"Mimi nilifika." Alisema hivyohivyo, kama mtu aliyeulizwa iwapo amekula.

Saa tisa alasiri hiyo nilijikuta nimesimama chini ya ngazi na mafurushi manne yamefungwa tayari. Robo saa nzima nilisimama nikingoja. Nikajiona mjinga kwelikweli. Nilipokuwa naanza kujitwika la kwanza, wifi akatoka mapokezi na ndara miguuni, kwa sababu buti hazikumwingia, akanyanyua moja. Tulipofika ghorofa ya pili tukapishana na daktari kijana anateremka. Alijibanza ukutani tupite, mikono mfukoni.

"Poleni na kazi," akasema.

"Daktari," wifi akamwita, "mlima umeisha?"

Akacheka, akasema sisi wanawake tuna maneno, akaendelea kuteremka.

Lifti ilitengenezwa baada ya wiki tisa, na mpaka leo inafanya kazi. Hilo siwezi kuwanyima. Mgongo wa Winchi umepata nafuu, na yule mama wa nyonga aliondoka hospitali kwa lifti hiyo, amekaa, akimlaumu fundi kwa kelele za mlango. Ndani yake, ukutani, juu ya vitufe, wametundika picha kubwa kwenye fremu. Ni Kamanda kibandani, kofia ya kufunika shingo kichwani, kifua mbele, na kilele kile nyuma yake, mbali, kidogo kama punje ya mchele. Napanda naye kila siku, mimi na mashuka yangu, tunatazamana mpaka ghorofa ya nne.