Kengele ya Aliyewasha Mapema

Msimu wa baridi ulipokaribia, hakukuwa na mtu katika bonde la Hautala aliyekuwa na mdomo kama Wendell Niemi. Kila nyumba huko ina tanuri lake uani, kibanda cha bati chenye dohani, na ndani yake moto wa kuni unaopasha maji. Maji hayo hupita kwenye mabomba ardhini hadi chini ya sakafu ya nyumba. Tanuri likiwashwa, bonde zima huona moshi. Na bonde lina sheria yake, ya kijinga kabisa: atakayewasha wa kwanza kabla theluji haijashika ardhi ni mwoga, na atatundikiwa langoni kengele kuukuu ya ng'ombe mpaka baridi iishe. Basi watu wazima, akili zao timamu, hukaa na makoti sebuleni wakichunguliana madirishani nani atashindwa. Wendell hakuwahi kushindwa.

Mwaka uliopita aliyeshindwa alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kijito, Burt Haapala. Wendell aliitundika kengele kwa mkono wake mwenyewe, akapiga honi mpaka mbwa wakabweka. Baadaye ndipo alipopata habari kwamba Marlys, mke wa Burt, alikuwa akitibiwa saratani na mwili wake haukupata joto hata chini ya rundo la mablanketi. Wendell aliona haya isiyo na mfano. Lakini kuishusha kengele kungekuwa kuomba radhi, na kuomba radhi kulimshinda. Burt naye aliiacha ining'inie msimu wote.

Sasa mke wake Wendell, Corinne, alikuwa amerudi nyumbani na binti yao Sylvi, aliyezaliwa kabla ya wakati na kulelewa hospitalini tangu kiangazi. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa na bibi yake ilimmeza uso mzima. Muuguzi alisisitiza jambo moja: nyumba isiwe baridi, mtoto huyu hana nyama ya kujikinga.

Theluji ilikuwa haijaanguka bado. Wendell akaingiza hita mbili za umeme chumbani, akaziba upenyo wa mlango kwa blanketi.

“Na tanuri je?” Corinne aliuliza asubuhi.

“Hita zinatosha, mke wangu. Si unaona chumba kilivyopata joto?”

“Chumba! Sakafu barafu tupu, jikoni naona pumzi yangu. We Wendell, unamficha mtoto humu ili Burt asione moshi?”

“Aa, siyo hivyo.”

“Ni hivyo hivyo. Mwanamume mzima na midevu yako, unaogopa kengele ya ng'ombe!”

Hapo hapo kitu kilialika ukutani na hita zote mbili zikazimika. Nyaya za nyumba ile ya babu yake zilikuwa zimeelemewa. Corinne hakumsema tena. Aliushika mkono wa mtoto, akauweka kwenye shavu la baba yake. Ulikuwa wa baridi, na wote haukuzidi kidole gumba cha Wendell. Woga uliomshika pale hakuwahi kuujua maishani. Alitoka hata kofia hakuvaa.

Uani alilitazama bonde kwanza. Anga ilikuwa nyeupe, dohani zote kimya, hakuna moshi hata uzi. Alipanga magome makavu, akaweka vijiti, akaweka magogo, akatia kiberiti. Moto ulisitasita, kisha ukavuta pumzi na kunguruma, na Wendell, aliyekuwa akiwasha tanuri lile tangu utotoni, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Moshi mzito ukapanda wima juu ya paa.

“Haya,” alisema peke yake. “Njooni mcheke.”

Alisubiri honi. Badala yake aliona moshi ng'ambo ya kijito, kwa Burt. Alidhani macho yanamdanganya. Kisha ukatoka mwingine kilimani, kwa kina Aho. Kisha karibu na kanisa, kisha kule mbali msitu unakoanzia, mmoja baada ya mwingine, mpaka bonde zima likawa na nguzo za moshi zimesimama kimya katika hewa isiyo na upepo. Wendell alisahau baridi. Alisimama mdomo wazi, machozi yakimtoka, hajui analilia nini.

Sakafu ilipoanza kupata joto na Corinne kuvua soksi, gari la Burt likaingia. Burt aliteremka na kengele mkononi.

“Itundike, Mzee Burt,” Wendell alisema. “Ni yangu. Nilitazama, hapakuwa na moshi popote.”

“Wa kwanza nilikuwa mimi.”

“Acha hizo, mzee.”

“Kina Aho wanasema ni wao. Bi Torvinen wa kanisani anaapa ni yeye, na unajua yule akianza kuapa. Nimezunguka bonde zima na hili likengele, bwana, kila mlango wanaligombania!”

“Nani kawaambia?”

“Marlys. Si anashinda dirishani siku hizi. Kaona moshi wako, kanisukuma nje na ndara miguuni niwashe letu, kisha kashika simu.”

“Mwaka jana, mzee... ile kengele...”

“Usiniambie mimi. Yumo garini. Hataki kuingia, anaogopa kumletea mtoto mafua.”

Marlys alikuwa amejifunika shali mpaka puani. Alishusha kioo kidogo tu.

“Mama Marlys,” Wendell alisema. “Nisamehe. Nilikucheka na wewe unaumwa.”

“Sakafu imeshapata joto?”

“Imepata. Corinne anatembea peku.”

Marlys alifumba macho, akatabasamu ndani ya shali, kana kwamba nyayo zilizopata joto ni zake.

“Basi kaongeze kuni, baba,” alisema. “Umesimama nini hapa?”

Wendell akaichukua kengele mikononi mwa Burt, akaitundika kwenye lango lake mwenyewe, akaenda kuongeza kuni.