Jicho la Nathanael

Nathanael alikuwa na jicho, na ubaya wa jicho hilo ni kwamba kila mtu alilisifu. Wenye gereji, wenye karakana, hata wasimamizi wa mashamba ya maua kule Usa River, wote walisema neno moja: Nathanael hadanganyiki. Mtu akirudia unga wa kulevya, hata kama kala juzi na leo kaoga na kuchana nywele, Nathanael anamsoma toka ng'ambo ya barabara. Na kwa nini asimsome? Yeye mwenyewe alikuwa teja miaka tisa pale Levolosi. Alimwibia mama yake pasi ya mkaa, akamvua bibi yake mgonjwa blanketi akaenda kuliuza. Sasa ilikuwa mwaka wa kumi na moja hajagusa kitu, na kazi yake, katika shirika dogo la vyumba viwili huko Moshono, ilikuwa kuwatafutia kazi wanaotoka alikotoka yeye, na kuhakikisha hawaipotezi.

Kumtafutia teja kazi si mchezo. Mwajiri atakusikiliza, atakumiminia chai, atatikisa kichwa kwa huruma, kisha atauliza lile moja: "Na akirudia?" Wengine hujibu kwa Biblia. Nathanael alijibu kwa ahadi: "Akirudia, mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia, na nitamwondoa mwenyewe." Ahadi hiyo ilimfungulia milango mingi. Hakuna aliyemuuliza itakuwaje siku akikosea, na yeye hakujiuliza.

Kwa ahadi hiyohiyo Mama Rekha aliwachukua watu wake watatu. Yeye na mumewe Rohit walikuwa na karakana barabara ya Njiro, wakishona mahema ya kambi za watalii, yale makubwa yenye madirisha na kibaraza, ambayo mgeni analala humo vizuri kuliko wewe kwako. Kati ya hao, wa kwanza kuingia alikuwa Kisioki, wa pili Simaloi, mama wa mtoto mmoja. Wa tatu alikuwa Gadiel, kijana wa Kimeru wa miaka ishirini na sita, mpole, aliyekuwa fundi cherehani kabla unga haujamchukua. Kila asubuhi Gadiel alipitia kliniki kunywa methadoni mbele ya nesi, ile dawa inayomkinga mtu na arosto, yaani yale mateso ya mwili unaodai unga. Kwa hiyo alianza kazi saa tatu wakati wenzake walianza saa mbili. Walinung'unika wiki mbili, wakanyamaza walipoona mshono wake.

Basi mwezi wa saba, baridi imekaza na Mlima Meru haujaonekana siku nne kwa mawingu, likapotea sanduku la pete za shaba, zile zinazogongwa kwenye turubai ili kamba ipite. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda shaba, na mateja wanawapenda wanunuzi wa vyuma chakavu. Hilo halihitaji kufundishwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakuna aliyetaja jina la mtu, lakini macho ya karakana nzima yalielekea kwenye cherehani ya Gadiel yakatua hapo.

Mama Rekha hakuwa mtu wa kelele. Alimpigia Nathanael simu. "Sitaki polisi hapa, na sitaki kumpekua mtu mbele ya wenzake," alisema. "Wewe njoo umtazame tu. Si ulisema unajua?"

Nathanael akaenda. Ofisi ya Mama Rekha ilikuwa na dirisha la kioo linalotazama mafundi, akasimama nyuma yake mikono mifukoni kama daktari. Akamwona Gadiel anajikuna shingo. Akamwona anaingiza vidole ndani ya mkono wa shati refu, anajikuna tena, kwa nguvu. Akaona kichwa kinainama taratibu juu ya turubai, kinashtuka, kinainuka. Kisha Gadiel akaenda chooni, akakaa huko muda, akarudi uso umelowa, anashusha mikono ya shati. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Nathanael alikuwa ameumwa miaka tisa. Alikuwa anajitazama mwenyewe pale kwenye cherehani.

"Haya?" Mama Rekha aliuliza.

Sasa, tusimfiche. Ndani ya begi lake mlikuwa na kipimo cha mkojo. Matone machache, dakika tano, jibu hilo hapo. Alijua alipokiweka, mfuko wa mbele, na mkono wake ulikwenda hadi kwenye zipu. Lakini akawafikiria Kisioki na Simaloi, walioketi mle mle. Samaki mmoja akioza, wote watatupwa. Akaona akisitasita kidogo tu mama huyu atawafukuza wote watatu. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na haikuwa mbaya. Ile nyingine hakujipa: kwamba yeye, mwenye jicho, angeonekana mdogo akimwomba kijana akojoe kwenye kikombe kama wafanyavyo wasiojua.

"Mwondoe," alisema.

Na kama vile haikutosha, aliongeza la pili. Alikuwa ameahidi kuondoa watu wake mwenyewe, lakini alipokutana na Gadiel getini, akakosa uso wa kumwambia kweli. "Mama anasema kazi zimepungua, mdogo wangu," alimwambia. "Tutatafuta pengine." Gadiel akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, akamkabidhi mlinzi, akasema, "Sawa kaka. Asante kwa kunihangaikia." Shukrani ile ilimkaa Nathanael kooni wiki nzima. Kila alipokula aliisikia.

Siku ya tisa Mama Rekha akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka kwa aibu. "Pete zimeonekana, Nathanael. Rohit mwenyewe alizipakia na mahema ya Serengeti. Watu wa kambi wamezirudisha leo. Mume wangu huyo, kichwa chake anakiacha kwenye gari."

"Mungu mkubwa," alisema Nathanael.

"Kwa hiyo mambo ya wizi yameisha. Lakini wewe ulimwona mwenyewe. Kama anakula unga, simtaki, hata kama hakuiba. Kama hali, namtaka Jumatatu, mahema kumi yananisubiri. Nipe jibu kesho."

Mtu mwenye jicho angejibu papo hapo. Nathanael alisema atapita karakana kwanza, na akapita jioni ile ile kabla mafundi hawajatoka, bila kujua anatafuta nini. Pengine alitaka tu kusimama tena nyuma ya kile kioo na kujihakikishia. Safari hii cherehani ya Gadiel ilikuwa tupu, kwa hiyo macho yake yakakosa pa kukaa, yakaenda kwa wengine. Mzee Peter, mkata turubai, muumini wa Kilutheri asiyejua hata ladha ya bia, alikuwa anajikuna mgongo kwa rula. Kijana wa pembeni yake anajikuna kwapa. Simaloi amevaa mikono mirefu hadi vidoleni, anajikuna shingo hadi imekuwa nyekundu.

Nathanael akaingia ndani, akamwendea. "Mnawashwa na nini?"

"Ni hili turubai, kaka," Simaloi alisema. "Hili jipya, limekuja na dawa ya kuzuia mvua. Tangu mwezi huu uanze hatulali. Kila saa tuko chooni tunanawa, na wala haisaidii. Mzee Peter anasema hata kanisani alijikuna mpaka mchungaji akanyamaza."

"Na Gadiel naye?"

"Gadiel ndiye ilimshika kuliko wote. Halafu wiki ile kliniki walikuwa wamempandishia dozi, maskini, anasinzia kama kuku mwenye mdondo. Nikamwambia, mwambie Kaka Nathanael asije akafikiri vingine. Akasema, haina haja, yule anaona mwenyewe."

Alisema hayo bila ubaya wowote, akarudi kwenye mshono wake. Nathanael akasimama katikati ya karakana, watu kumi na wawili wanajikuna kumzunguka. Siku ile wote walikuwepo. Wote walijikuna. Ila yeye alimtazama mmoja.

Usiku ule hakulala vizuri, na alistahili. Kilichomtisha hakikuwa tena kosa lenyewe bali kilichofuata. Mwambie teja ameanguka, mnyime kazi kwa ajili hiyo, na hukawii kumkuta chini kweli. Naye Nathanael alijua njia hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa alipita humo. Simu ya Gadiel haikupatikana. Asubuhi ya Jumamosi akachukua bodaboda hadi Nkoaranga, kwa mama wa Gadiel, akiomba njia nzima: Baba, nifedheheshe utakavyo, lakini nimkute mzima.

Alimkuta Mama Tabea kwenye migomba, jembe mkononi.

"Shikamoo mama. Mimi ni Nathanael, wa Moshono."

"Marahaba, marahaba! Wewe ndiye?" Mama akaliacha jembe, akamshika mikono yote miwili ilhali yake ina udongo. "Mwanangu anakutaja mpaka kwenye sala ya chakula. Karibu baba. Yuko nyuma anakata majani ya ng'ombe. Ametoka kliniki saa hizi hizi. Anaondoka hapa kabla hakujapambazuka, kila siku, ndugu yangu, hajakosa hata moja."

Kwa hiyo alikuwa mzima. Nathanael alijisikia kupiga magoti pale kwenye matope, na papo hapo akajisikia vibaya zaidi, kama mtu aliyesamehewa na mwingine asiyejua kesi yake.

Gadiel alisimama zizini, panga mkononi, amekonda kidogo. Macho yake yalikuwa safi. Nathanael akagundua kwamba ameshaanza kuyachunguza, akatazama chini.

"Gadiel, si Mama Rekha aliyekuondoa. Ni mimi. Nilisema umerudia."

"Najua, kaka. Nilikuona nyuma ya kioo."

"Ulijua? Sasa mbona hukunikatalia pale getini? Mbona hukunitukana?"

Gadiel aliweka panga juu ya majani. Alisema polepole, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake. "Ningekatalia nini? Wewe si huwa hukosei. Nikasema, kama Kaka Nathanael kaona, basi labda kipo kitu. Kesho yake kliniki nikamwomba nesi anipime. Akaniuliza, kwani umekula? Nikamwambia sijui. Akanicheka. Nikamwambia, dada, wewe nipime tu, labda nimekula usingizini, maana mtu anayejua ameniona."

"Ikawaje?"

"Safi. Siku ya pili nikamwomba tena. Na ya tatu. Zote safi. Sasa hivi naanza kuamini."

Nathanael akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekuja na orodha ya vitu alivyomnyang'anya huyu kijana: kazi, heshima mbele ya wenzake, siku tisa. Hiki hakikuwemo. Miaka miwili mtu anajijenga kila asubuhi kwa kikombe kimoja cha dawa, mpaka anafika mahali pa kusema "mimi sili," na yeye akaja akamfanya ajitilie shaka hata katika hilo. Alilia, mtu mzima, na ng'ombe akamtazama.

"Basi, kaka," alisema Gadiel. "Basi."

Nathanael akatoa simu, akampigia Mama Rekha pale pale, akafungua sauti itoke nje ili Gadiel asikie. Mama Tabea naye alikuwa amefika na viti viwili, akasimama navyo.

"Mama, Gadiel hajarudia," alisema Nathanael. "Hakuwahi. Ni turubai lako jipya linawawasha wote, na yeye walikuwa wamemwongezea dawa. Mimi nilikosea. Kipimo kilikuwa kwenye begi langu siku ile na sikukitumia."

"Kwenye begi lako," alisema Mama Rekha. "Ndani ya ofisi yangu."

"Ndiyo mama."

"Jumatatu saa tatu aje. Mwambie samahani, na siku zake tisa nitamlipa. Mimi mwenyewe nitawaambia mafundi." Kisha sauti yake ikashuka. "Nathanael, na yule dada wa mwanzo kabisa, kabla ya hawa watatu? Yule Silantoi uliyeniletea, aliyekuwa anasafisha na kupika chai. Ulisimama hapohapo kwenye kioo, ukaniambia macho yake mekundu. Yule ulimpima?"

Nathanael aliiona sura ya dada huyo kabla hajajibu. Silantoi alikuwa amelia getini, akaapa kwa mtoto wake kwamba ni moshi wa kuni za chai, na yeye akamwambia kila teja huapa. Alikuwa amejivunia jibu hilo. Aliwahi hata kulisimulia kwenye semina.

"Sikumpima," alisema.

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui, mama."

Simu ikakatika. Mama Tabea akaweka viti chini, akaenda jikoni. Gadiel akaokota panga akaendelea kukata majani, kwa kuwa ng'ombe walikuwa bado na njaa. Nathanael akabaki juu ya ndoo, akijaribu kukumbuka kwao Silantoi ni kijiji gani, akajaribu tena na tena, mpaka akatambua kwamba hakuwahi kumuuliza.