Mpaka Injini Izimwe

Hakuna watu wanaopenda kumtazama mwenzao akiumbuka kama watu wa kambi za mapumziko, na katika watu wa kambi hakuna waliobobea kama ukoo wa Skewes. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, jua likiwa la kukaanga, walikusanyika kwenye kona yao ya Mto Murray, wakapanga viti vya kukunja safu moja, wakafungua bia na kusubiri. Wanasubiri nini? Trela. Mtu aje na trela lake, apige rivasi kati ya miti mpaka mahali pake, na wao watazame. Mzee Merv, mwenye ukoo, ndiye aliyetunga sheria, nayo ilikuwa moja tu: mpaka injini izimwe, hakuna mtazamaji kufungua mdomo. Hakuna cha "kata kulia," hakuna cha "angalia tawi." Dereva ana mtu wake mmoja wa kumwongoza kwa mikono huko nyuma, basi. Ukigonga, umegonga. Injini ikishazimwa ndipo wanapoanza kukuchambua, na watakuchambua mpaka mwaka mpya.

Russell Tonkin aliijua sheria hiyo vizuri. Miaka miwili aliyoishi na Narelle, binti wa Merv, alikuwa akija kambini na kihema chake, na mtu wa hema hatazamwi. Anapita tu kama mbuzi wa jirani. Safari hii alikuja na trela jipya la kambi, rangi ya mchanga, bado lina harufu ya dukani, lenye jiko la kuvuta kama droo, vitanda viwili na pazia la zambarau kwenye kitanda kidogo. Hilo pazia alilichagua kwa ajili ya Tegan, binti wa Narelle. Mtoto alipenda zambarau alipokuwa na miaka kumi na moja. Sasa ana kumi na tatu, na alipoliona alisema, "Mbona la msiba? Nani kafa?" akarudi ndani.

Maana huyo Tegan ndiye aliyeshika ufunguo wa kila kitu. Rus alikuwa amemwomba Narelle wafunge ndoa, na Narelle alimjibu wakiwa jikoni, anamenya viazi, hata kichwa hakuinua. "Muulize Tegan. Tukitoka kambini, muulize. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, Rus, hapo utabeba vitu vyako." Si jambo dogo kuweka maisha ya mtu mzima mkononi mwa mtoto, lakini Narelle alishazika mume mmoja na hakutaka kumpoteza na binti. Rus alikubali. Angefanyaje?

Mume huyo aliitwa Wade. Alikufa kazini juu ya paa, moyo ulisimama tu, na tangu hapo akawa mtakatifu. Kila mtu wa ukoo ule alikuwa na jina la utani alilopewa kambini, na la Wade lilikuwa Mkono Mmoja, kwa kuwa alikuwa akipiga rivasi kwa mkono mmoja na bia ikiwa kwenye mwingine. Majivu yake waliyazika pale pale mtoni, pembeni mwa mahali alipokuwa akiweka trela lake, na juu yake Tegan akapanda mkaratusi mchanga na kuuzungushia mawe aliyoyapaka chokaa kwa mkono wake. Miaka minne mahali hapo palikaa wazi. Kisha, wiki moja kabla ya safari, Merv alipiga simu, na sauti yake ilijaa gari zima.

"Mwambie huyo Tonkin wako alale kwa Wade. Pasikae bure tena. Akiweza kupaingia, lakini."

Kelvin, kaka yake Narelle, alisikika akicheka huko nyuma. "Shemeji wa majaribio. Tuone kama atafaulu."

Rus alifurahi mpaka akashindwa kula. Hakujiuliza mzee anamtaka nini. Tegan alikuwa kiti cha nyuma, amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa dirishani.

Mwezi mzima kila jioni Rus alikuwa akienda uwanja wa maonyesho, akiweka mapipa ya taka na kulirudisha trela kati yake. Mwanzoni aliyaangusha yote. Mwishoni hakuligusa hata moja. Narelle hakuambiwa. Rus alitaka wadhani anajua tangu zamani, kama wao.

Basi wakafika. Kasuku weupe walikuwa wanapiga makelele mitini, redio inasoma kriketi, na viti vyote vimeshageuzwa upande wa njia. Merv katikati, kofia machoni. Mtu akazima redio. Narelle akashuka upande wa kushoto na kwenda kusimama kando ya kasha la barafu.

"Nani anakuongoza?" Kel aliuliza. "Au umeleta malaika?"

Kabla Rus hajajibu, Tegan akafungua mlango. "Mimi."

Hebu fikiria. Miaka miwili mtoto hajamwomba hata chumvi mezani. Rus alimtazama.

"Mti wa baba yako utakuwa kushoto kwangu," alimwambia polepole. "Trela linanikinga, siuoni kabisa. Nikiukaribia inua mikono yote miwili, nitasimama hapo hapo."

"Najua, Rus. Nimezaliwa nikifanya hivi."

"Asante, Tegan."

"Usinishukuru. Endesha."

Akaendesha. Na alifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Alilipinda trela taratibu, likakubali, likaingia katikati ya ile mikaratusi miwili mikubwa kama droo inavyoingia kabatini. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Tegan nyuma, mkono mmoja hewani, vidole vinamwita. Njoo. Njoo. Safu ya viti ilikuwa kimya, na kimya hicho Rus alikisikia kama sifa. Kel alikuwa hajacheka. Merv alikuwa ameinua kofia.

Kisha tairi la kushoto likapanda kitu. Kishindo kidogo tu. Jiwe.

Rus akakanyaga breki. Kuna mawe mengi mtoni, alijiambia, na kuna mawe ya chokaa. Akatazama kioo. Mkono wa Tegan bado ulikuwa hewani, mmoja, vidole vinamwita. Njoo. Kichwani Rus alikuwa na jambo moja: mtoto huyu ananiongoza mimi, mbele ya watu wote hawa, na nikisimama sasa nitakuwa nimemwambia simwamini. Akaachia breki.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu kavunja mua gotini.

Alizima injini. Sasa watu waliruhusiwa kusema, na hakuna aliyesema. Aliposhuka na kuzunguka nyuma, mkaratusi ulikuwa umelala chini ya trela, umekatika karibu na ardhi, tairi liko juu ya udongo uliofunika majivu, na mawe mawili meupe yamezama. Tegan alikuwa amepiga magoti anayashika majani. Kilio chake hakikuwa cha uongo. Maneno ndiyo yalikuwa ya uongo.

"Nilimwambia asimame. Niliinua mikono yote miwili, Mama. Hakunitazama hata."

Kel alikuja amekunja ngumi, bia bado iko mkononi. "Ulikuwa unatazama wapi, shemeji?"

Rus alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari. Lakini alitazama mabega ya yule mtoto, akaona njia zote mbili zimeziba. Akisema kweli, anamuumbua Tegan mbele ya ukoo mzima juu ya kaburi la baba yake, na ndoa imekwisha. Akinyamaza, yeye ndiye aliyemkanyaga Wade. Akamtafuta Narelle kwa macho. Narelle alikuwa pale pale upande wa kushoto, anafunga kifuniko cha kasha la barafu.

"Sikuangalia," Rus alisema. "Kosa ni langu."

Merv aliinuka kwenye kiti, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote. Akaja polepole, akainama, akatazama udongo. Mzee alikuwa analia, na alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Liondoe gurudumu lako juu ya mkwe wangu."

Na ili kuliondoa, Rus alilazimika kurudi garini, kuwasha, na kulipitisha tairi mara ya pili juu ya kile lililokuwa limeshakivunja. Watu walitazama. Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo walinyamaza.

Mchana walichoma soseji. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsogezea kiti. Rus alisimama na sahani yake ya plastiki, inzi wanamtambaa usoni, kitunguu kinaungua kwenye bati, mpaka Kel alipoelekeza koleo upande wake.

"Mpeni Shoka mkate."

Shangazi mmoja alicheka puani. Mwingine akarudia, "Shoka, unataka na sosi?" Likashika papo hapo. Hata watoto wadogo walikuwa wanaliimba majini. Na Rus, aibu ilioje, alihisi kitu kama furaha kinampita kifuani, kwa kuwa miaka miwili alikuwa anangoja wampe jina. Alijichukia kwa hilo kuliko kwa mti.

Alimkuta Tegan amekaa kwenye mzizi kando ya maji, chokaa ya mawe aliyoyafukua bado imemganda kwenye kucha. Rus alichuchumaa mbali kidogo, asimtishe.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Nataka ujue hivyo. Litabaki kati yetu."

"Waambie. Nani atakuamini?"

"Sikuja kugombana, mwanangu."

"Mimi si mwanao." Hakupandisha sauti. "Nilitaka ugonge mawe tu. Ugonge, wakucheke, usilale pale. Mtu yeyote angesimama kwenye mawe. Ulisikia, Rus. Nilikuona umesikia. Ukaendelea."

"Nilikuwa nakuamini wewe."

Tegan alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile, macho mekundu, na midomo ikamcheza. Pengine alitaka kusema jambo jingine. Alichosema ni hiki: "Basi umemuua Baba kwa ujinga wako."

Akaondoka, ndala mkononi. Rus alibaki akiutazama mto, ambao ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa kama siku zote. Jambo baya ni kwamba aliona mtoto kasema kweli. Breki ilikuwa chini ya mguu wake. Watu wa namna hii ndivyo walivyo: utawachinja, na wao watakushikia kisu.

Jua lilipoanza kushuka, Narelle alikuja kwenye trela. Lilikuwa limeegeshwa njiani, vumbi tupu, hata dari lake jipya halijainuliwa. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo zake na wa Tegan. Alishazitoa.

"Sisi tutalala kwa baba yangu," alisema. "Wewe nenda nyumbani, Rus. Tukirudi, iwe umeshahama."

"Tulikubaliana nimuulize."

"Bado unataka kumuuliza?"

Rus alishika ukingo wa mlango. Alikuwa ameapa kunyamaza, na alinyamaza mchana kutwa, lakini kuna mahali subira ya mtu inafika ukutani. "Narelle, sikuwa nimelala pale garini. Nilitazama kioo. Niliongozwa. Sitaki kumsema mtoto, lakini niliongozwa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa upande wa kushoto. Niliuona mkono wake. Mmoja, anakuita." Narelle alikuwa analikunja taulo la Tegan, pembe kwa pembe, kwa uangalifu. "Na mti niliuona pia. Nilikuona umekanyaga breki, nikajua unafikiri."

Rus alipima kwa macho. Kati ya kasha la barafu na lile tairi hapakuwa hata na hatua kumi.

"Sasa mbona hukunipigia kelele?"

Narelle aliliweka taulo juu ya mfuko. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jibu la kweli, asilipate, achukue lililo karibu.

"Injini ilikuwa haijazimwa," alisema.

Akabeba mifuko na kwenda zake. Rus aliingia garini akawasha, na kule mbele alisikia viti vikiburutwa kwenye changarawe, kimoja baada ya kingine, vinageuzwa upande wake. Aliondoka bila kugusa tawi hata moja. Ilikuwa kazi safi, na wote waliitazama mpaka mwisho, wamenyamaza.