Sauti ya Kumi na Mbili

Jumatano moja mwaka 1993, saa kumi na mbili asubuhi, basi la shule ya wasichana lilisimamishwa kwenye kizuizi cha daraja la Garissa. Ndani walikuwemo wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha nne na mwalimu wao wa muziki, Arbia, wakienda kwenye mashindano Nairobi.

Askari alitaka vipande vya utambulisho, pamoja na ile kadi ya pinki waliyodaiwa Wasomali peke yao. Hinda, mmoja wa wanafunzi hao, alikuwa na kipande tu.

"Nimezaliwa hapa Galbet, afande. Babu yangu pia."

"Shuka."

Arbia alibishana nusu saa nzima. Wimbo alioutunga ulikuwa na noti kumi na mbili zilizo sawa. Hakuna iliyoitawala nyingine, na hakuna iliyorudiwa kabla nyingine zote hazijasikika. Kila msichana alishika noti yake. Bila Hinda, wangefika kumi na moja wakwame.

"Basi imbeni wimbo mwingine," askari alisema.

Hinda alishuka. Sauti yake ilibaki kwenye kiti cha dirishani, na hakuna aliyeidai kadi.

Saa tisa alasiri, jukwaani Nairobi, noti ya kumi na mbili ilitoka mahali patupu kati ya Ikran na Ilwad, safi, kwa wakati wake. Saa hiyo Hinda alikuwa bado kizuizini, akijibu maswali kwa maandishi. Askari alikuwa amemwazima kalamu.

Jaji alisema wimbo hauna pa kuanzia wala pa kurudi. Alikata alama kumi kwa hilo, na tano zaidi kwa sababu sauti zilizidi midomo.

"Ungeuliza aliyekosekana yuko wapi," Arbia alisema.

"Fomu haina nafasi ya swali hilo, mwalimu."

Alhamisi sauti ilirudi na basi, imekwaruzwa kidogo na vumbi. Hinda, aliyekwisha kuachiliwa, aliimeza kwa chai ya maziwa ya ngamia. Jumatatu yeye na Arbia walipanga foleni kwenye ofisi ya kadi tangu asubuhi. Adhuhuri ilipokaribia, karani aliisoma barua ya shule hadi mwisho, akaandika kadi, akagonga mhuri.

"Hii ni ya sauti," alisema. "Imeshavuka bila matatizo."

"Na mwenyewe?" Arbia aliuliza.

"Mwenyewe amlete babu yake."

"Alifariki, wallahi, mwaka wa ukame."

"Basi asubiri," karani alisema, akafunga dirisha.