Ndege Niliyemzua

Katikati ya macho ya Mahmood pamekufa. Pembeni bado anaona kidogo: masikio yangu anayaona, uso wangu hauoni. Daktari alituambia hivyo mwezi wa tatu, na kabla hatujavuka barabara mume wangu akaniuliza, "Sasa mwewe nitawahesabu vipi?" Hakuuliza habari ya ngazi wala jiko.

Kila mwaka majani yakianza kuanguka, Mahmood na Pritesh hupanda kilima cha Barn Hill, hapa London, kuhesabu mwewe wanaohamia kusini. Pritesh ni Mhindi wa Kisumu, alikuwa na duka la dawa Kingsbury. Miaka kumi na tisa wamefanya kazi hiyo bila mshahara. Mmoja hutazama kaskazini, mwenziwe kusini, na wana daftari lenye sheria kali kuliko za madrasa.

Mwaka huu nikawa macho yake. Mimi shule niliishia darasa la saba, majina ya ndege siyajui, lakini vitendawili nimekua navyo.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mkasi, sishoni nguo."

"Mwewe mwekundu, mkia wa panda! Pritesh, andika mmoja."

"Kitendawili! Napiga makofi matatu, kisha nateleza."

"Kipanga huyo. Andika."

Pritesh hucheka mpaka darubini inamtikisika. "Bi Afra, bila wewe huyu mzee angekuwa anahesabu eropleni za Heathrow."

"Nyamaza, muuza panadol," Mahmood humjibu.

Hivyo hivyo, mpaka mwisho wa Septemba, upande wetu wa kusini ukawa na ndege arobaini na mmoja.

Alhamisi ile hakupita hata mmoja. Tulikaa tangu saa mbili asubuhi. Ukungu uliondoka, mbingu ikabaki tupu. Mahmood alikuwa na kikombe cha chai mkononi, hanywi.

"Afra," akasema, "naona leo ndiyo mwisho wangu. Mtu anayekaa kilimani kusikiliza upepo si mhesabu, ni mzigo."

Nikamtazama, mabega yameshuka. Nilijua ndege anayemngoja: mwewe wa samaki, anayetoka Uskoti akaenda zake mpaka Afrika. Ana miaka mitatu hajamwona, na sura yake amenisimulia mara nyingi. Moyo ukanishinda.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu, bila nguvu.

"Tumbo nimelivika kanzu, usoni nimejifunga utepe mweusi, naenda kwetu sina pasipoti."

Chai ilimwagika yote. "Wapi? Afra, yuko wapi?"

"Kulia kwa tao la uwanja wa Wembley."

Pritesh akageuka mbio. "Simwoni!"

"Ameshaingia wingu," nikasema. Uongo wa pili huo.

Mahmood alikuwa akicheka, machozi yanamtoka. Nami nikasahau sheria moja: akipita ndege adimu, kilima kinachofuata hupigiwa simu. Pritesh akampigia Seema, binti anayehesabu kilima cha Hampstead na wenzake. Tukasikia shangwe. Watu kumi na wawili wamesimama, Seema akasema, wote wanatazama upande wetu.

Nusu saa wakasimama.

"Hakuna kitu," Seema akasema mwishowe. "Mna hakika?"

Mahmood akaichukua simu. "Ameonwa na mke wangu. Mimi naweza kukosea, Afra hakosei. Andikeni kwamba mmempoteza ninyi."

Nikamshika mkono. "Baba Leena. Hakukuwa na ndege."

"Aliingia wingu."

"Hakuwapo. Nimemzua. Ulisema ni mwisho wako, nikaona uchungu."

Seema alikuwa bado kwenye simu. Akasema taratibu, "Si neno, mzee," akakata.

Mahmood akakaa kitini. "Futa, Pritesh."

"Nimefuta."

"Na yule kipanga wa Jumanne?"

"Wallahi alikuwapo," nikasema.

"Na wale watatu wa Jumamosi?"

"Wote walikuwapo, mume wangu. Ni huyu mmoja tu."

"Nitajuaje?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ni saa ngapi.

"Mzee, mimi namwamini," Pritesh akasema.

"Sheria tuliiweka wenyewe. Ndege mwenye shaka haingii. Futa kusini yote."

Pritesh akanitazama, kalamu iko hewani. Nikainamisha kichwa. Akaanza kupiga mistari, mmoja mmoja, na kalamu nilikuwa naisikia ikikwaruza karatasi.

Saa saba tukashuka. Mahmood aliweka mkono begani kwa Pritesh, mimi nikawa nyuma na viti. Pale penye mizizi nikamwambia, "Inua mguu, Baba Leena."

Akasimama. Akangoja mpaka Pritesh naye aseme.