Amina Mbele ya Jeneza

Kitavi alichapa programu za mazishi katika chumba kidogo cha River Road, na kwake kila marehemu alikuwa mtakatifu. Kompyuta yake iliweka tayari "nguzo ya familia" na "taa iliyozimika", zikisubiri majina tu. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Mama Philister Khasandi wa Kabiria, na aliyetumwa kuchukua programu ni mjukuu wake Ivyne, mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye shule ya bweni ilikuwa imemruhusu kuja kulia kidogo, kisha arudi kwenye mitihani.

"Cheki kama iko sawa," Kitavi alisema. "Ikishatoka hapa si yangu tena."

Picha ilikuwa nzuri. Kukhu, kama wajukuu walivyomwita bibi yao kwa Kiluhya, alikuwa amefunga kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama, midomo ameibana kama mtu aliyefumania mtoto kwenye kopo la sukari. Wasifu aliuandika Ivyne mwenyewe, naye aliusoma upya kwa majivuno yasiyofaa kwa mfiwa. Kukhu alitoka Vihiga akiwa msichana, akafua nguo za watu Loresho mpaka vidole vikachubuka, akajenga vyumba vya mabati Kabiria kimoja baada ya kingine. Watoto walioachwa mlangoni pake aliwalea hadi wakawa wajomba. Wezi aliwaombea kwanza, kisha akawachapa.

Chini kabisa kulikuwa na sentensi ngeni: *Kabla ya kulala, Mama alikitoa kiwanja chake kwa Bwana, kupitia kanisa lake.*

"Hii imeandikwa na nani?"

"Pasta wenu alipiga simu jana. Akasema familia imekubaliana."

"Familia gani?"

"Madam, mimi si wa ukoo wenu. Mimi nachapa tu."

Ivyne aliisoma tena ile sentensi. Kukhu alikuwa akisema hapa hapauzwi wala hapagawanywi, asiye na pa kulala na alale. Na wao wote, tangu Mjomba Zadock hadi mtoto mchanga, hawakuwa na pa kulala kwingine.

Alimkuta Mjomba Zadock, kifungua mimba wa Kukhu, nje ya kanisa akipanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Mjomba, ulikubali?"

"Punguza sauti." Zadock aliangalia huku na huku. "Pasta Haron alisema bila hiyo, akina mama wa kitambaa hawatamsindikiza. Atazikwa hivi hivi, kama mtu asiye na kanisa. Ungetaka hiyo?"

"Hakukosa hata Alhamisi moja ya ushirika."

"Ndiyo maana. Na ni maneno ya matanga tu, Ivyne. Nani hukumbuka maneno ya matanga?"

"Yule," Ivyne alisema, akielekeza kidevu ndani ya mlango.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi Bwana Clifford, naibu wa chifu, na kando yake mgeni mwenye viatu vya kung'aa ambaye hakuna aliyemjua na ambaye hakuwa akilia. Watu wa kwao hawabishani na wasifu. Ukisomwa mbele ya jeneza na wafiwa wakanyamaza, umekuwa kweli, na naibu wa chifu ndiye shahidi.

Ivyne aliitwa kusoma. Alisoma vizuri, watu wakacheka kwa wezi na kulia kwa watoto wa mlangoni. Alipofika kwenye ile sentensi alikunja karatasi.

"Familia iliandika hadi hapo," alisema. "Yaliyobaki si yetu."

Maikrofoni ilitolewa mkononi mwake kwa upole mkubwa.

"Binti yetu amelemewa na machozi," alisema Pasta Haron. Macho ya Ivyne yalikuwa makavu kama kuni. "Wacha nimsaidie." Akasoma sentensi polepole, neno kwa neno. "Kanisa linasema Amina?"

Ni nani atakataa Amina jeneza likiwa wazi? Ilianzia kwa akina mama wa kitambaa, ikapita kwa wazee, ikatoka hadi kwenye hema la nje ambako hata hawakusikia kilichosemwa. Mjomba Zadock aliisema akitazama viatu vyake. Bwana Clifford aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo wake salama.

Baadaye, mbele ya geti la Kukhu, Pasta Haron alisimama kwenye mlango wa basi la kwenda kuzika Vihiga akiwahesabu waombolezaji kwa kidole.

"Ingieni wote. Hata watoto. Mama asindikizwe na damu yake yote, asibaki mtu."

Ivyne alikuwa ameketi dirishani mwa basi Shiku alipokuja. Shiku aliuza makaa mkabala na geti, na alikuwa rafiki wa Kukhu wa kugombana naye kila siku.

"Unaona hao?" Shiku alinong'ona. Kwenye kivuli cha ukuta ng'ambo ya barabara walikaa vijana, mitaimbo imelala miguuni mwao. Yule mgeni alikuwa akiwagawia soda. "Wameniuliza mnarudi lini."

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema sijui. Wakacheka."

Ivyne alimgeukia mjomba wake. "Tukienda sote, hatutapata pa kurudi."

Zadock aliwatazama vijana wale, kisha akatazama mbele. "Huwezi kukosa kumzika Kukhu. Watu watasema nini?"

"Watasema Amina."

Alishuka. Alikwenda kwenye gari lililobeba jeneza, akaweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, akakaa hivyo kidogo bila kuomba.

"Binti, basi linaondoka," Pasta Haron alisema.

"Liende, Pasta."

"Utabaki peke yako."

"Nitabaki kwetu."

Mlango wa basi ulifungwa. Akina mama wa kitambaa walianza wimbo, na wimbo ukaenda nao hadi kwenye kona, ukakatika. Shiku aliburuta gunia la makaa, akaliegemeza kwa nje kwenye geti lisilofungika. Ivyne aliketi juu yake.

Upande wa pili wa barabara vijana walimaliza soda zao, wakazipanga chupa vizuri ukutani, wakasimama.